Hadi Imkae

Wasomaji watukufu, simameni. Hapa inaanza habari ya mkataba uliotikisa mataifa.

Basi, kaeni. Ulitikisa meza tu, na meza yenyewe ilikuwa na mguu mmoja mfupi.

"Kitufe hiki," alisema muuza magodoro, kidole kwenye kioo cha kompyuta, "kisogee kushoto kidogo."

Kikasogea.

"Aa. Kule kilipendeza zaidi."

Kikarudi. Mtengeneza tovuti hakukasirika. Hasira zilimwisha zamani, walipokuwa bado kwenye rangi ya buluu. Siku hizi maneno ya mteja aliyasikia kama mvua inayonyesha kwa jirani.

Kosa lilikuwa lake. Alipopata mteja huyu, wake wa kwanza, hakuwa na mkataba. Akaazima wa dada yake, fundi cherehani, ule wa magauni ya maharusi. Akafuta "gauni", akaandika "tovuti", akaona amemaliza. Kifungu cha mwisho kikabaki vilevile: fundi atarekebisha bila malipo hadi imkae mteja, wala hatapokea kazi nyingine kabla ya hapo. Kwa gauni hakuna neno. Tovuti haina kiuno.

Na zahanati ya watoto ilimtaka awatengenezee tovuti yao. Jibu lilitakiwa kabla ya jioni.

"Mdogo wangu, mwambie imemkaa," dada alisema kutoka kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Wa kusema ni yeye, dada. Tumeandikiana."

"Maharusi wangu nao husumbua. Lakini harusi ina siku." Dada akamgeukia mteja. "Shemeji, duka unafungua lini?"

"Tovuti ikiwa tayari."

"Na tovuti itakuwa tayari lini?"

Muuza magodoro alikitazama kidole chake. "Nikisema imenikaa, shemeji, si itabidi nifungue? Na wasipokuja watu?"

"Utalala. Magodoro si unayo?"

Dada alicheka peke yake. Cherehani ikaendelea.

"Kushoto kidogo," mteja alisema, kwa sauti ya chini sasa.

Mtengeneza tovuti alikuwa akiusoma tena ujumbe wa zahanati kwenye simu. Mkono wake haukugusa kitu.

"Hapo," alisema mteja. "Hapo hapo. Umeona?"

Naam, msomaji, unanitazama kwa jicho la pembeni, na umenikamata. Nakiri: mataifa yalilala salama. Hata mwisho nilishauandaa, mteja anatia sahihi kuwa imemkaa, dada anapiga vigelegele. Haukutokea.

Kilichotokea ni hiki. Mtengeneza tovuti aliinua macho, akamsogezea mteja mkataba, akaweka kalamu juu yake.

"Kwa hiyo imekukaa?"

"Ngoja niitazame kwa mbali."

Akasimama. Akarudi nyuma hatua moja, kichwa upande, kisha nyingine, akizipita nguo zilizotundikwa, hadi mlangoni, nusu yake juani. Dada alisimamisha cherehani. Mtengeneza tovuti aliushikilia mguu mfupi wa meza kwa goti lake, ili kalamu isibingirike.