Pointi Tano za Shati

Shangazi alikuwa na tabia moja ambayo Chiriku hakuwahi kuizoea. Kabla ya kufunua ukurasa wowote alitoa ulimi, akalilamba dole gumba, kisha akalibandika kwenye karatasi. Alifanya hivyo darasani, dukani, hata msibani. Kwa hiyo kila nakala ya kwanza ya notsi zake, ile aliyoikagua mwenyewe kabla ya kutoa kopi nyingine, ilikuwa na madoa ya mate kwenye pembe, yamekauka na kuikunja karatasi. Nakala hizo ndizo alizopewa Chiriku bure. Alizifunua kwa ncha ya penseli.

Usimcheke. Ungekuwa wewe ungevaa glovu.

Shangazi huyu, dada wa marehemu baba yake, alikuwa mwalimu wa sekondari, na mjini kote walimwita Madamu Pointi. Mitihani ya kidato cha sita ilipokaribia, duka lake la vifaa vya ofisini lilijaa watoto wa watu kama penye chakula cha bure. Notsi zenyewe zilikuwa za aina tatu: jalada la kijani la biolojia, la njano la saikolojia, jekundu la siasa. Kilichowavuta wanafunzi si ufundi wa kueleza, maana Shangazi alieleza mambo kama anayesoma bei za sokoni. Kilichowavuta ni mifano. Kila mada ilikuwa na kisanduku chenye maneno MFANO HAI, na ndani ya kisanduku alikaa mtu wa kweli.

"Mtoto husahau maelezo," alipenda kusema, "lakini umbea hausahau."

Na umbea wenyewe aliuchota nyumbani kwake, bila haya wala soni. Kwenye mada ya minyoo aliweka habari za mwanawe wa kumzaa, aliyetapika mnyoo juu ya meza ya wageni siku ya harusi. Mwana huyo sasa ni karani wa benki, na mpaka leo vijana wakienda kuweka akiba humchungulia mdomoni. Kwenye siasa, mada ya serikali ya mseto, alimweka mume aliyeachana naye: "bwana mmoja mwenye nyumba mbili, ambaye hakuweza kununua hata kitanda bila vyama vyote viwili kuafiki." Watu walicheka hadi mbavu zikauma. Chiriku naye alicheka, maana alikuwa hajawa mfano.

Chiriku na mama yake waliishi vyumba vya uani kwa Shangazi tangu baba, aliyekuwa fundi umeme, alipougua ghafla na kufariki. Kulala ni bure, lakini bure ya Shangazi ilikuwa na kazi zake. Mama alishinda sebuleni akibana kurasa za notsi kwa stepla, rundo baada ya rundo, akifuata namba za kurasa tu kwa sababu miwani yake ilivunjika wakati wa msiba na haikununuliwa nyingine. Namba ziliandikwa kubwa, akaziona. Maneno yalikuwa kama sisimizi. Mpango wao, waliokuwa wakiunong'ona jikoni, ulikuwa mmoja: Chiriku afaulu masomo yote matatu, aende chuo, apate kazi, wapange vyumba viwili popote na wahame. Asipofaulu, Shangazi alishasema, kuna kiti nyuma ya mashine ya fotokopi kinamngoja.

Basi siku moja, mitihani ikiwa imebaki wiki chache, Chiriku aliingia darasani akakuta wenzake wanaimba.

"Shati!" alipayuka kijana mmoja waliyemwita Rubani, kwa jinsi alivyopenda kusimama juu ya madawati. "Esi?"

"Simanzi isiyopungua!" waliitikia.

"Echi?"

"Hamu ya kumwona marehemu!"

"Ei?"

"Aibu mbele za watu!"

"Ti?"

"Tabia za ajabu!"

"Na ai?"

"Imani kwamba atarudi!"

Makofi yakapigwa. Chiriku akamuuliza jirani yake ni kitu gani hicho, akasukumiwa kijitabu cha njano, toleo jipya, ambalo yeye alikuwa hajapewa. Mada ya saba: maombolezo yaliyopitiliza. Pointi tano, kila moja na herufi yake, na chini yake kisanduku. Akasoma. *Mjane mmoja wa makamo hulala na shati la marehemu mumewe. Shati lina mistari ya buluu na halijafuliwa tangu kifo. Ukosi umekuwa mweusi kwa jasho na lina harufu kali. Akiambiwa alifue, mjane hulia kama mtoto.*

Alisoma mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza macho yalikataa. Mistari ya buluu. Baba alilivua shati lile jioni kabla ya kupelekwa hospitali, akalitundika mwenyewe kwenye msumari nyuma ya mlango, na mama hakuruhusu mtu alitie majini. Huliweka chini ya shavu kila usiku. Chiriku, aliyelala kitanda cha pili, alilijua shati hilo kuliko mtu yeyote, na tuseme ukweli, lilimtia kinyaa. Kuna siku alilishika kwa bahati mbaya, akaenda kunawa mikono hadi viwiko. Lakini kinyaa hicho kilikuwa cha kwake, cha chumbani, cha mtoto na mama yake. Hakikuwa cha Rubani.

"Hilo shati si limeota kuvu?" Rubani aliuliza, akibana pua. "Mama huyo anapumua kuvu!"

"Limo hata kwenye biolojia," alisema msichana wa mbele, na akafunua kijitabu cha kijani. Kweli. Mada ya vijidudu vya ngozi: *bakteria hula jasho na kutoa harufu, rejea shati, Saikolojia, mada ya 7.* Darasa zima likasema "Yaaak!" kwa sauti moja. Chiriku alikifunga kijitabu cha njano. Akatabasamu na wenzake kwa sababu hakujua uso mwingine wa kuvaa, na tabasamu hilo nalo likamchefua.

Mchana alikwenda dukani moja kwa moja. Duka lilinuka wino na karatasi moto. Shangazi alikuwa ameketi nyuma ya kaunta akichokoa meno kwa pini ya stepla aliyoinyoosha.

"Shangazi, umemwandika mama."

Shangazi alikitazama kilichotoka kwenye jino, akakipangusia ubavuni mwa sketi. "Nani kataja jina? Umeona jina pale?"

"Mistari ya buluu, Shangazi. Ukosi. Kulia kama mtoto."

"Ndiyo mfano hai huo. Ningeandika mjane hana raha, nani angekumbuka? Sasa waulize, shule nzima wanayo kichwani. Swali hilo halijatoka miaka kadhaa, mwaka huu linatoka, na watapata wote. Na wewe utapata."

"Shati ni la kaka yako!"

"Najua ni la nani." Sauti ya Shangazi ilipanda kidogo, ikashuka. "We mtoto, mambo yangu na wifi yangu usiyaingilie. Chukua nakala yako, nenda kasome." Akatoa ulimi, akalamba dole, akahesabu kurasa mbele yake. Chiriku alikipokea kijitabu kwa vidole viwili, na alipofika nje akakifuta kwenye nyasi.

Kuanzia siku hiyo chakula cha Shangazi kilimkaba. Alimtazama akila, akimimina mchuzi, akilamba kijiko na kukirudisha kwenye bakuli la wote, akajiuliza mtu huyu ametengenezwa kwa kitu gani. Siku ya mazishi hakudondosha chozi. Alisimama kaburini akisahihisha watu namna ya kupanga mashada. Halafu akarudi nyumbani akamgeuza kaka yake herufi tano. Lakini kilichomuuma zaidi ni kumwona mama pale mezani, kichwa kimeinama, akibana kurasa za aibu yake mwenyewe bila kujua. Chumbani Chiriku alikuwa akifungua kinywa amwambie, kisha anakifunga. Angeanzia wapi? Alijiapiza kwamba mama hatajua. Hata kama dunia nzima itamcheka, yeye asijue, na mtu mmoja katika dunia hiyo, yaani binti yake, asishiriki.

Siku ya mtihani wa saikolojia chumba kilikuwa kimya, madawati yametenganishwa, msimamizi anatembea na viatu vinavyolia. Chiriku alifunua karatasi. Swali la mwisho, la lazima, lenye alama nyingi kuliko yote: *Kwa kutumia mfano hai, jadili dalili za maombolezo yaliyopitiliza.*

Pumzi za furaha zilisikika huku na huku. Rubani aligeuka nusu, akashika ukosi wa shati lake la shule na kujifanya ananusa. Wawili watatu wakaficha vicheko viganjani. Kisha kalamu zikaanza, zote pamoja, na Chiriku alijua kila moja inaandika nini. Chumba kizima kilikuwa kinamvua mama yake nguo, kwa mwandiko mzuri, na kupiga mstari chini ya vichwa vya habari.

Alijaribu. Asije mtu akasema hakujaribu. Alianza kubuni mjane mwingine, mwenye duka la vitambaa, anayeongea na picha ya mumewe. Lakini kila alipofika kwenye dalili, mjane yule aligeuka, akawa na shavu la mama na kovu dogo la mama kidevuni. Na pointi zilizomjia zilikuwa zilezile tano, kwa mpangilio uleule, kwa sauti ya Rubani. Aliikata mistari yote aliyoandika, akafunika kalamu na kukunja mikono mpaka muda ulipoisha. Msimamizi alipochukua karatasi alitazama ukurasa wa swali la mwisho, mistari yote imekatwa, akamtazama yeye, akatikisa kichwa.

Alirudi nyumbani kichwa juu. Ndiyo, alijua amejikata mguu. Lakini alitembea kama mtu aliyetoka kuoga.

Mama alikuwa sebuleni peke yake, stepla mkononi. Shangazi yuko dukani.

"Lilitoka?" mama aliuliza.

"Nini, Mama?"

"Swali la shati."

Chiriku alisimama mlangoni, mkoba ukamteleza begani. Mama hakuinua uso. Alilinganisha kingo za karatasi, akazigongagonga mezani, akabana. Stepla ikalia kha!

"Mama, unajua?"

"Kwani nitaachaje kujua? Alinisomea. Aliketi hapo hapo ulipo, akanisomea neno kwa neno, akaniuliza kama kuna alipokosea."

"Lini?"

"Kabla toleo hili halijatoka. Lakini ruhusa nilimpa zamani, ulipomaliza kidato cha nne. Alisema imetosha, msichana aje dukani, mashine haina mtu. Nikamwomba. Nikapiga magoti hapa, wewe ulikuwa kisimani. Akasema sawa, utasoma, lakini kuna jambo langu dogo anataka kuliandika siku moja, ile habari ya shati, litawasaidia wanafunzi. Nikamwambia aandike." Akabana rundo jingine. "Nilidhani ataweka maneno mawili. Aliandika yote. Haya. Lilitoka au halikutoka?"

"Lilitoka."

"Ukaandika?"

Chiriku alitaka kusema kwa fahari. Njiani kote alikuwa amejiandalia maneno, siku atakapomweleza mama akiwa mtu mzima, katika vyumba vyao viwili. Sasa sauti ilitoka nyembamba. "Niliacha wazi. Sikuweza, Mama. Wale wote wanaandika habari zako, wanacheka, nikaona kinyaa. Nikasema mimi siandiki."

Stepla ilisimama. Mama aliinua uso, na Chiriku akauona mdomo wa mama ukijikunja upande mmoja, vilevile mdomo wa darasa zima ulivyojikunja siku ile. Mama yake alikuwa anamtazama yeye hivyo.

"Uliona kinyaa," mama alisema. "Mimi nimekaa na mate ya mwanamke huyu kwenye vidole vyangu mwaka wa pili sasa. Kila karatasi. Watoto wananipita barabarani wakibana pua, nawajibu salamu. Nimeyameza ili siku moja uulizwe swali ulijue jibu. Umeulizwa. Unalijua. Ukaona kinyaa!"

"Nilikuwa nakutunza, Mama."

"Ulikuwa unajitunza wewe."

Chiriku alikaa sakafuni, mgongo ukiegemea mlango. Hakulia. Mama alirudi kwenye karatasi, akabana moja, akabana ya pili, ya tatu ikaenda upande, akaing'oa pini kwa kucha na kuanza upya. Sauti ya mama ilipotoka tena, ilikuwa imetulia, karibu ya kawaida.

"Na mfano wenyewe aliukosea. Harufu? Harufu ya baba yako iliisha kabla hata ya mvua za kwanza. Ninayoinusa pale sasa ni ya shavu langu. Ungeniuliza ningekupa pointi ya sita, na hakuna mwingine chumba kile angekuwa nayo."

Chiriku aliiokota ile pini iliyong'olewa, akaiweka mezani.

"Kesho una nini?" mama aliuliza.

"Siasa."

"Basi inuka ukasome. Na uandike kila kitu watakachouliza."