Paja la Kuku kwa Mla Majani

Mgeni aliyeapa kutogusa nyama maisha yake yote alifungua boksi lake la chakula chini ndani ya kreta, pale kwenye bwawa la viboko, akakuta paja la kuku limejilaza ndani, tena limekaangwa vizuri tu. Alilia. Haki ya Mungu, mtu mzima na kofia yake ya safari, alilia mbele ya viboko! Gari halijapanda ukingo, habari zilikuwa zimeshafika lojini Karatu, na Meneja Wilibrodi alikuwa ameshapata wa kumtupia lawama: Katarina, mpishi.

"Akimaliza vyombo vya jioni afungashe, aende kwao," alisema.

Resiato, binti kutoka mji wa Wasso aliyetengeneza programu ya kupanga maboksi hayo, alimsikia, damu ikamchemka. Nani asiyejua kisa? Katarina alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, hajapewa jina bado, kwa kuwa mama mtu alikuwa akimsubiri baba ajitokeze kwanza. Baba alikuwa kimya. Ila mtoto alikuwa na masikio yaliyochomoza kama vishikio vya sufuria, na lojini hapo masikio ya namna hiyo alikuwa nayo mtu mmoja tu, mwenye tai.

"Da Kata, lebo ilisemaje?"

"Kuku, mdogo wangu. Mimi napakia kilichoandikwa."

Lebo zilitoka kwenye programu. Resiato akafungua kompyuta, roho mkononi, maana kama si kosa la Katarina basi ni lake. Na kweli lilikuwa lake. Java, lugha ya kuandikia programu, ina vituko: ukiiandikia kwamba hili ni boksi la mla majani, inaitikia, hata kukukaripia inakukaripia ukichanganya. Programu ikishaanza kufanya kazi, imesahau. Ukiiuliza boksi la nani, inajibu: boksi. Basi. Na boksi lisilojulikana la nani, Resiato kwa uvivu wake alikuwa ameagiza litiwe kuku.

"Mpumbavu mimi," alijiambia, na alistahili.

Dawa aliijua, ila alikuwa ameipiga chenga. Akaongeza mabano mawili matupu. Mabano hayo huizalisha programu mtoto asiye na jina, asiye na kazi duniani ila moja: ukimshika ukamwuliza baba yake nani, anataja jina zima, Boksi la Mla Majani, hamumunyi hata neno. Akajaribu. Lebo zikatoka sawasawa: majani kwa wa majani, kuku kwa wa kuku.

Akabeba kompyuta hadi jikoni, ambako meneja alikuwa amesimama mlangoni kuhakikisha Katarina hachelewi kufukuzika.

"Bosi, kosa ni langu. Nimelirekebisha, tazama. Da Kata hana hatia."

Wilibrodi akatazama lebo, akanuna. "Nitajuaje haitasahau tena?"

"Baba akisahau, tunamwuliza mtoto."

"Mtoto gani?"

Resiato alijua angeweza kunyamaza. Mkataba wake ulikuwa mikononi mwa mtu huyu. Lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia.

"Asiye na jina, bosi. Hana jina, ila baba yake yumo ndani yake. Ni kumgeuza tu, umtazame."

Resiato akamtazama mtoto mgongoni kwa Katarina. Jiko zima likamtazama mtoto. Eunike, mhudumu, akaanza kukohoa kikohozi cha uongo, akakimbilia stoo na leso mdomoni. Na mkono wa Meneja Wilibrodi, bila kutumwa na mtu, ukapanda ukashika sikio lake.

Katarina hakugeuka. Aliendelea kusugua sufuria.

"Sasa nifungashe, au nisifungashe?"

"Baki," alisema meneja. Akageuka kuondoka, akasimama. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Huyo mtoto... anaitwa nani?"

"Tulikuwa tunakusubiri wewe," alisema Katarina.