Faini ya Baba Mkubwa

Glory alipokubaliwa kusoma shahada ya uzamivu ya sheria, chuo kilimpunguzia nusu ya ada. Darasa lile lilikuwa limejaa watoto wa mawakili na wa wakubwa, na chuo, kwa aibu au kwa busara, safari hii kilitaka mtu wa jamii ya wafugaji, ambao huko walijulikana kwenye kesi za ardhi tu. Nusu iliyobaki ilibidi itoke kijijini kwao, Getanuwas, na mwisho wa kulipa ulikuwa unakaribia. Asipolipa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Mwenye kauli juu ya ng'ombe wa ukoo alikuwa Gidabuday, kaka wa marehemu baba yake. Ni mzee mwenye roho nzuri, ila hukasirika kabla hajamaliza kusikia.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Ukimaliza hiyo shule unakuwa nani?"

"Daktari, baba."

"Vizuri. Utanitibu goti."

"Si wa hospitali. Wa sheria. Inaitwa shahada ya uzamivu."

Hapo ndipo alipoharibu. Kijana mmoja wa Balangdalalu alizamia Afrika Kusini kwa kujificha ndani ya lori, na mpaka leo mama yake hajui kama yu hai. Kwa Gidabuday, kuzamia ni kuzamia.

"Kumbe siku hizi kuna shule ya kuzamia," aliwaambia wazee wenzake waliokuwa wameketi naye. "Siuzi ng'ombe ili mtoto wa kike akapotee. Na wewe Glory, mama yako alizaa bure."

Wazee wakacheka. La uzamivu lilikuwa kosa la kusikia, Glory angeweza kulieleza. Hilo la pili lilimchoma moyo, kwa sababu Justina, mama yake, alikuwa pale pale akisafisha kibuyu cha maziwa. Mama alikiweka chini, akatoka kwenda kuwaita wanawake wenzake.

Kesho yake wanawake wakafika kutoka kila upande wa bonde. Kwa Wadatoga, anayetukana uzazi wa mmoja amewatukana wote, na kesi hiyo wanaume hawaiamui. Wanaume wakaswaga mifugo yao mbali, kila mmoja akijifanya ana haraka. Gidabuday akabaki peke yake, amesimama kando kama aliyeagizwa chumvi akaisahau.

Glory alikuwa anataka kuandika utafiti wake wote juu ya baraza hili la wanawake. Sasa lilikuwa linamhusu yeye. Wanawake walisikiliza, wakajadiliana bila pupa, wakatoa hukumu: fahali mmoja mweusi. Kwa kawaida fahali wa faini huchinjwa, wanawake wakala. Justina akasimama.

"Mimi ndiye niliyetukanwa," alisema. "Nyama tutaimaliza leo. Naomba huyu fahali aende shule."

Walicheka, wakabishana kidogo, wakakubali. Glory alilia mbele yao wote na hakuona haya.

Jioni alimweleza baba yake mkubwa kwamba uzamivu ni kuzama kwenye elimu mpaka chini kabisa. Mzee akasema wasomi wangetafuta jina lingine. Siku ya mnada alimpeleka fahali Katesh mwenyewe, akawabana wachuuzi mpaka wakamkimbia na kumrudia. Kwa kuwa bei ya mmoja haikutosha ada, akaongeza dume la pili, ambalo hakuna mtu aliyemhukumu kulitoa. Ada ikalipwa siku hiyo hiyo.

Siku ya kwanza darasani, profesa aliwataka wanafunzi wajitambulishe na kusema nani anawalipia. Mmoja alitaja wizara, mwingine benki, wa tatu kampuni ya baba yake. Zamu ya Glory ikafika.

"Mimi nimelipiwa na mahakama."

"Mahakama ipi hiyo inayosomesha watu?"

"Ya wanawake wa kwetu Hanang. Ilimtoza baba yangu mkubwa fahali kwa kumtukana mama yangu, ikaamuru nisomeshwe. Hukumu imetekelezwa, hakuna rufaa."

Profesa alifunga kitabu alichokuwa amekiandaa, akamwachia Glory kiti chake cha mbele, akaenda kukaa na wanafunzi.

"Tufundishe," alisema.