Programu Iliyokuwa na Mshenga

Mama Pili alipata mkwe kazini, na shida yote ilianzia hapo.

Ofisi yenyewe ilikuwa Masasi, juu ya duka la salfa ya kupulizia mikorosho, hivyo kila aliyepanda ngazi alifika juu akipiga chafya. Soko huria lilikuwa limewafungulia wanunuzi wa korosho kama kuku wa asubuhi: vijijini Newala huyu yuko Mkunya na mzani wake, yule yuko Chilangala, kesho hawaonekani. Dominika, mwenye ofisi, akaiona riziki humo. Akatafuta vijana na mama mmoja, wakatengeneza programu ya kuwatumia wakulima bei kwa simu, na vyama vya wakulima vikawa vinalipia.

Mama mmoja huyo ndiye Mama Pili. Zamani alikuwa karani wa shirika la umma, mpaka watu walipopunguzwa akarudishwa nyumbani na pongezi. Pongezi haziliki, basi akaenda kwa masista kujifunza kompyuta na ukubwa wake ule. Katika programu aliandika kipande cha bei. Kipande cha kutuma ujumbe aliandika Awadhi, kijana wa Newala, mpole na fundi hasa. Wakati huo hakuwa mkwe wa mtu. Siku moja Pili akamletea mama yake chakula ofisini, Awadhi akamwona, na mwaka haukuisha wakaoana.

Sasa, kwa mila za huku, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawabishani. Na kutengeneza programu ni kubishana kutwa. Awadhi akisikia kanga za Mama Pili ngazini alihamia dirishani kutazama barabara. Mama Pili akitaka kupita alikohoa kwanza. Mwenye neno alimwambia Gervas, aliyekaa meza ya katikati, naye akalipeleka upande wa pili. Maneno mengine aliyalainisha, mengine aliyasahau.

Programu nayo ikashika adabu. Kipande cha Mama Pili hakikuongea na kipande cha Awadhi hata kidogo. Gervas aliandika kipande cha tatu, kazi yake kupokea bei huku na kuifikisha kule, basi. Mtaalamu mmoja aliyepita kutoka Dar es Salaam alikikodolea macho, akauliza hiki kinafanya nini.

"Hicho ni mshenga," Dominika akajibu.

Mtaalamu akatikisa kichwa kama aliyeelewa.

Msimu ule wanunuzi wakabuni ujanja. Asubuhi walitangaza bei tamu, lori likikaribia kujaa wakaishusha. Wakulima wakaomba waletewe bei mbili, ya asubuhi na ya mchana. Dominika akakubali haraka, jambo lenyewe aliliona dogo. Mama Pili akarekebisha kwake siku ileile. Gervas alikuwa harusini Ndanda, kwa hiyo Awadhi akakaa kumsubiri, maana angeulizaje? Gervas aliporudi, bado na usingizi wa ngoma, alizipitisha bei zote mbili kinyume, ya asubuhi mahali pa ya mchana. Awadhi akapokea alivyoletewa. Walipoiwasha, Chilangala nzima ikaletewa bei ya asubuhi jua likiwa linaelekea kuzama. Watu wakapakia magunia kwenye baiskeli, wakaenda mbio kwenye lori, wakakuta bei ya kuliza.

Kesho yake Yeremia, mwenyekiti wa wakulima wa Chilangala, akateremka na basi la Newala.

"Shikamoo, Baba Anjelina," Mama Pili akamsalimu.

"Marahaba. Habari za kudanganya watu?"

"Hatukudanganya, baba. Tulichelewa."

"Mkunga akichelewa, mtoto humsubiri?" Yeremia akakaa bila kukaribishwa. "Ijumaa linakuja lori jingine. Bei ya mchana ikifika mchana, tuko pamoja. Isipofika, sisi tunaacha, na Mkunya wanaacha. Tutarudia kuulizana njiani kama zamani."

Vijiji vile ndivyo vilivyobeba nusu ya mishahara. Mama Pili hakuhitaji kuambiwa nani angetangulia kupunguzwa. Sura ya siku ya kupunguzwa aliijua.

Yeremia alipoondoka, Dominika akawaita wote. "Tusizungushane. Mama Pili na Awadhi, kuanzia sasa mtakaa meza moja."

Awadhi akatazama dari. Mama Pili akajivutia kanga usoni.

"Gervas," akasema, "mwambie bosi, kukosa kazi ni aibu ya msimu. Hiyo nyingine ni aibu ya kuzikwa nayo."

"Bosi, Mama Pili anasema kwamba..."

"Nimesikia, Gervas! Mimi si mkwe wake."

Priska, msichana wa kupokea simu za bei, akacheka mpaka akatoka nje. Dominika akazunguka chumba, akapiga chafya, akarudi.

"Haya. Kama hawakutani, tuache kuwalazimisha. Tumekosea kukata kazi. Tumeikata kama samaki, huyu kichwa, huyu mkia, ndiyo maana haogelei. Awadhi na Gervas wachukue Newala yote, bei mpaka ujumbe. Mama Pili na Priska wachukue Masasi na Lisekese, bei mpaka ujumbe. Kila upande ubadilishe ya kwake bila kumngoja mtu."

"Na mshenga wangu?" Gervas akauliza.

"Ndoa ilishafungwa. Aende nyumbani."

Likabaki jambo moja, nalo ndilo lililomkaa Mama Pili kooni. Awadhi asingeweza kuendesha Newala bila kupewa nakala ya kipande cha bei, akifungue, akikoroge. Kipande kile hakuna aliyewahi kukigusa ila yeye. Kikishajulikana na kijana, yeye atabaki na nini cha kumfanya asipunguzwe tena? Akakaa akiitazama kompyuta kama mtu anayeuza mbuzi aliyemlea. Upande mwingine Ijumaa ilikuwa inakuja, na lori halina mkwe.

"Gervas," akasema mwishowe. "Mwambie achukue. Binti yangu nilimpa, na yule hakuwa na nakala."

Gervas akageuka kufikisha.

"Na mwambie bei za Mkunya asiziguse kabla ya kuzima ukaguzi wa zamani unaokataa bei mbili kwa siku, la sivyo programu nzima itaanguka."

Ule ndio ujumbe wa mwisho aliobeba, na safari hii hakusahau neno.

Ijumaa mchana simu ikalia. Priska akaiweka kwa sauti kubwa.

"Imefika!" Yeremia alikuwa anapiga kelele. "Lori nusu tupu, bei imeshuka, na sisi tumejua. Magunia tumeyarudisha ndani. Mnunuzi amenuna huyo, amekaa juu ya mzani wake mwenyewe! Tunabaki, mwambieni Mama Pili."

Ofisi ikashangilia. Mama Pili akashusha pumzi ndefu, mishahara imepona. Kisha akakunja uso, kwa sababu bei mbili za Lisekese zilikuwa bado hazijaanza kutoka. Kijana amemtangulia, tena kwa kipande chake mwenyewe.

"Mkwe wangu ana haraka," akamnong'oneza Priska. "Hata kwa Pili alikuwa hivyohivyo. Hesabu miezi toka harusi hadi mtoto, utaona."

Priska akaziba mdomo kwa viganja. Kule dirishani Awadhi aliendelea kuitazama barabara.

"Sogeza kiti, mwanangu," Mama Pili akamwambia Priska. "Lisekese inatoka leo, hata tukilala humuhumu ndani."