Gari Lililonenepa

"Limeongezeka tena," alisema Mzee Leonard, akichungulia kwenye dirisha la kibanda cha mizani pale ghala la mkonge.

Severini, nyuma ya usukani, alitoa kichwa dirishani. "Haiwezekani, mzee."

"Mara ya tatu hii, ndugu yangu. Mizani haina ugomvi na mtu."

Gari hilo Severini alijiundia mwenyewe uani kwake, mjini Morogoro: bodi ya Moris iliyotupwa, injini ya Pijo, mengine ya kuokoteza. Jumapili angeshindana na Yunusi, fundi mwenzake, kwenye barabara iliyonyooka ya shamba, upande wa Mikese. Magari mawili ubavu kwa ubavu, kitambaa kikishuka ni kukanyaga mafuta, robo maili tu, kwisha kazi. Katika mbio fupi namna hiyo uzito ndio adui. Kwanza aling'oa viti vyote isipokuwa chake, na bampa zote mbili, ndipo akaja kupima. Tangu hapo, miezi kadhaa sasa, alikuwa akipunguza vidogo vidogo: vitasa, zulia, kisahani cha majivu. Milango aliitoboa matundu kwa drili mpaka Agnes, mkewe, akamuuliza kama anatengeneza chujio la nazi. Na kila akipunguza, mizani inapanda! Sasa hapo mtu aelewe nini?

Walipunguza petroli. Walikwangua matope chini. Severini akarudi garini, wakapima, kiasi kikashuka kidogo tu, bado kilikuwa juu ya kile cha mwanzo. Kichwa kikamzunguka Severini, akaanza hata kumshuku Yunusi wa watu, asiye na hili wala lile, kwamba kamfanyia mambo. Aibu tupu, mtu mzima na fundi.

Lakini hofu yake haikuwa gari peke yake. Mwaka uliopita alilazwa kwa kifua kikuu, akatoka mifupa mitupu. Sista wa zahanati ya misheni alimwambia awe anakwenda kupimwa. Uzito ukishuka, huenda ugonjwa umerudi. Alikwenda mara moja. Kilo hamsini na mbili, zimeshuka. Hakukanyaga tena huko. Dawa alimeza, Agnes akimsimamia kama askari, ila mizani ya zahanati aliiogopa kuliko simba. Alishinda ndani ya ovaroli pana, kioo hatazami, akiamini anakwisha polepole. Ndiyo maana aliitaka Jumapili hii kwa udi na uvumba. Hakuwa na hakika kama ataiona nyingine.

Agnes alifika na kikapu cha chakula, akamwamkia mzee, akamgeukia mumewe.

"Baba Theresia, mbona umenuna?"

"Gari linanenepa."

Agnes alilitazama lile gari lenye matundu, akamtazama na mwenye gari. "Likipimwa, wewe unakuwa wapi?"

"Si humuhumu ndani! Kila lori linapimwa pamoja na dereva wake. Kwani Jumapili litajiendesha?"

"Hebu shuka. Mzee, lipime tupu."

Severini alishuka akinung'unika. Mzee Leonard alisogeza vyuma vyake, akatoa hesabu kwa midomo, akarudia.

"Gari halina neno," alisema. "Wewe ndiye mwenye kilo sabini na moja."

"Nani?"

"Wewe, Severini."

"Mizani yako mbovu!"

"Ndiyo hiyohiyo uliyokuwa unaiamini."

Severini alijishika tumbo juu ya ovaroli. Lilikuwepo. Akashika shavu. Hakujua acheke au amgombeze mtu, na kama ni kugombeza, nani? Akakaa chini kwenye vumbi la mizani, akalia kwa sauti mbele za watu.

Agnes alichuchumaa kando yake. "Kumbe hukujua? Nami nakuona kila siku! Unadhani zile foleni za maziwa nilikuwa napanga kwa ajili ya nani?"

Mzee Leonard alikohoa. "Haya, mbio zenyewe Jumapili. Sasa utapunguza nini tena?"

Severini aliitazama milango yake iliyotobolewa bure. Akajifuta uso kwa mkono wenye grisi, akavuta kikapu, akafunua viazi vya Mgeta na maharage.

"Yunusi atakushinda," alisema Agnes.

"Anishinde," alijibu, mdomo umejaa. "Jumapili ziko nyingi."