Uzinduzi wa Tuta

Kila asubuhi, kabla ya hesabu, darasa la tano huzoa mchanga. Upepo wa usiku huuingiza madirishani, ukalala juu ya madawati na kujaza hadi tundu la kufuli. Wawili hufagia, wengine huzoa kwa vipande vya maboksi na kuurudisha kwenye tuta lililo kati ya shule na bahari. Tuta hilo lilichotwa mchanga wa ujenzi, likabaki kipara. Darasa la kwanza lilishafukiwa hadi madirishani, na wadogo wanasomea barazani.

Ndiyo maana mwalimu wao, mama wa sauti ya taratibu, aliwafundisha watoto kukata vipande vya mmea wa pwani, ule unaotambaa wenye maua ya zambarau. Wakaviotesha kwenye paketi za maziwa, na mvua za kwanza zilipodondoka wakavipanda tutani. Vikashika. Siku moja asubuhi, ufagio mmoja ulitosha.

"Mwalimu, leo mchanga umechelewa shule!" alisema Kiroboto, binti asiyejua kukaa kitako.

Kicheko hakijaisha, bwana mazingira, afisa wa wilaya, akasimama mlangoni, mwalimu mkuu nyuma yake.

"Mgeni rasmi anakuja saa nne kuzindua upandaji. Sasa mbona mmeshapanda?"

"Mvua haikungoja, bwana," alijibu mwalimu.

"Basi atazindua nini? Ing'oeni, irudisheni kwenye paketi. Akiondoka mtapanda tena."

"Mizizi ndiyo kwanza inashika. Kwa jua hili itakufa."

Mwalimu mkuu akamvuta kando. "Usiniponze, mama. Wakifurahi watatujengea madarasa. Ng'oa tu."

Mwalimu wa darasa alianza kung'oa yeye mwenyewe, maana hakuwa na uso wa kuwaambia watoto watangulie. Kiroboto aliutoa mmea wake kwa kupapasa, kama anayemtoa mdogo wake mwiba mguuni.

Mgeni alifika saa saba, jua la utosi. Gari lilisogezwa hadi chini ya tuta ili viatu vyake visiingie mchanga. Mimea ilikuwa imelala kwenye paketi, majani yamesinyaa kama masikio ya mbwa aliyefokewa. Akafukia mmoja kichwa chini, akapigwa picha, akapigiwa makofi, akarudi garini. Dereva alipowasha, magurudumu yakazama.

"Nyie watoto, njooni msukume!" aliita bwana mazingira.

"Wana kipindi," alisema mwalimu.

"Unasemaje?"

"Wana kipindi, bwana."

Akawapanga mstari, akawaingiza darasani. 

Dereva hakuhangaika. Alizivuta paketi, akakung'uta mimea yote, akaitandika chini ya magurudumu na kukanyaga mafuta. Gari likachomoka, likapiga honi ya kuaga. Watoto waliona yote kupitia dirishani. Nyuma yake palibaki mistari miwili ya kijani iliyopondwa, na paketi tupu zikikimbizana na upepo.

"Mwalimu," Kiroboto alisema, safari hii amekaa kitako, "si walisema akiondoka tutapanda tena?"

"Walisema."

"Tutapanda nini?"

Upepo wa mchana ulikuwa umeanza. Mchanga ulishuka taratibu juu ya madaftari, juu ya meza yake, juu ya hesabu zilizoandikwa nusu ubaoni.

"Zamu ya kufagia ni ya nani?" aliuliza.

Hakuna aliyenyoosha mkono.