Kadi ya Matundu Arobaini

Mpiga pasi hakuwahi kumdharau mtu kama alivyomdharau ofisa utumishi, na ofisa naye alijitahidi kustahili. Ndiye aliyeamua kwamba msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali lazima afaulu Kiingereza: sentensi arobaini zenye mapengo, kila pengo maneno manne, uchague moja. Shuka zenyewe, jamani, hazijawahi kumuuliza mtu swali kwa lugha yoyote. Lakini usimamizi ulikuja na kiti, na miaka kumi na tisa ya kusimama ilikuwa imemvimbisha mpiga pasi miguu hadi ndala zikamkataa. Alikitaka kile kiti kufa na kupona.

Mwaka jana walijaribu watu sita, wakaanguka wote, kiti kikabaki kitupu. Wifi yake, aliyekuwa mfuaji hapohapo, alipata nne. Wifi aliapa kwamba majibu aliyajua, lakini nani amsikilize? Mpiga pasi ndiye wa kwanza kumwita kichwa maji, tena mbele za watu, na nyumbani hakuchoka: "Madamu Nne, nipitishie chumvi." Wifi akaacha kazi kwa aibu. Daftari lake la mazoezi mpiga pasi alilichukua bila hata kuomba, akalikariri miezi mitatu, huku akiendelea kumbeza mwenye daftari.

Sasa ofisa aliitandaza karatasi ya mpiga pasi mezani, akaweka juu yake kadi ngumu yenye matundu. Alama inayoonekana tunduni ni sahihi. Isiyoonekana, imekula kwako. Akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Tano," alisema. "Pole, mama. Lugha za watu hizi."

"Nisomee sentensi ya kwanza, pamoja na jibu la kadi yako."

Ofisa aliisoma polepole, kama mtu anayevuka matope. "Iko sawa kabisa."

Haikuwa sawa hata kidogo. Kumbe bwana mkubwa hajui kitu, anaishi kwa hisani ya kadi! Mpiga pasi alimtazama kama doa lililogoma kutoka. Kisha akaitazama kadi. Karatasi ilikuwa imekatwa pembe moja, juu kulia. Kadi nayo ilikatwa pembe, ila pembe yake ilikaa chini. Akaizungusha, pembe ikalala juu ya pembe, akahesabu mwenyewe. Thelathini na sita.

Ofisa aliuchungulia mlango. "Basi, hongera. Kiti ni chako. Haya yaishie humuhumu."

"Mwaka jana uliiweka vipi?"

"Vilevile," alisema ofisa. "Siku zote naiweka vile."

Mpiga pasi aliikamata kadi. "Lete karatasi za mwaka jana."

Ya wifi ilikuwa ya tatu. Alihesabu mara mbili, mara ya pili akimwomba Mungu zipungue. Thelathini na tisa.

"Kiti ni kimoja," ofisa alimkumbusha.

"Kwani nimekuuliza?"

Alikuwa na aibu hadi masikio yakamwaka. Aliiweka karatasi ya wifi juu ya yake, akamwamuru ofisa aandike barua ya kumrudisha kazini kama msimamizi, tena kwa Kiswahili, asije akaharibu na hiyo. Halafu akaikokota miguu yake hadi kwenye meza ya pasi, akasimama. Jioni ingembidi aombe chumvi kwa adabu.